Hukumu Bila Sanadi: Kasoro ya Kitabu cha Ibn Maimun

Mayahudi walio wengi hawachukui sheria zao katika Taurati peke yake. Wanaitakidi kwamba Nabii Musa (a.s.) alipokea pia mafunzo ya mdomo, ambayo baadaye yaliandikwa katika Mishna na kuchambuliwa katika Talmud, pamoja na hitilafu za wanazuoni na majina yao.

Musa bin Maimun, aliyezaliwa Cordoba na kufariki Misri mwaka 1204, alizipanga hukumu hizo katika Mishneh Torah, yenye vitabu 14. Mpangilio wake ni mzuri mno. Ama kasoro yake ni kwamba kwa kawaida hataji hukumu imetoka kwa nani. Abraham ben David wa Ufaransa, aliyeishi zama zake, alimkosoa kwa hilo, nasi tunamuafiki. Ibn Maimun mwenyewe alikiri katika barua kwamba ilifaa aonyeshe marejeo. Kazi hiyo ilikuja kufanywa na Joseph Karo katika karne ya 16.

Naam, ufupi humrahisishia msomaji. Lakini asiyeonyeshwa dalili hawezi kuipima rai; hubaki kuifuata tu.