Ukumbusho au Dai? Kusoma Vitu vya Vita katika Nyumba za Ngara na Biharamulo

Urithi wa vita una tabia inayoutenga na urithi mwingine. Shamba humlisha mrithi hata kama hajui ni nani aliyelifyeka kwanza. Ng'ombe hutoa maziwa hata kama jina la aliyemnunua limesahauliwa. Lakini nishani, kofia, cheti cha kutoka jeshini au sahani ya bati iliyorudi kutoka vitani haina faida ya namna hiyo. Thamani yake yote imo katika habari inayofuatana nayo, na habari ikipotea hubaki chuma na kitambaa. Kwa sababu hii vitu hivi si mali tu; ni maandiko, na maandiko huhitaji msomaji. Katika makala haya nataka kuuliza namna ya kuyasoma, maana naona kuwa jina tulilozoea kuyapa, yaani "ukumbusho", linatufanya tuyasome vibaya.

Wilaya za Ngara na Biharamulo zafaa sana kwa uchunguzi huu. Boma la Biharamulo, lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, lingali limesimama. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya amri ya Molitor, yaliingia Biharamulo yakiwa njiani kwenda Tabora, mji walioutwaa mwezi wa Septemba mwaka huohuo. Wabelgiji walizishika sehemu hizi za magharibi hata mwaka 1921, walipowakabidhi Waingereza. Vita ya 1939 hata 1945 ilipokuja, Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000 kwa bendera ya mfalme wa Uingereza. Kisha mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia kaskazini mwa mkoa huu, ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi, na katika vita ile Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979 na Amin akakimbia. Basi ukoo mmoja waweza kuwa na kitu cha zama za Mjerumani, kitu cha zama za Mwingereza na kitu cha zama za Jamhuri katika sanduku moja, na kila kimoja kikasema lugha ya bwana mwingine.

Tuanze na kile kinachodhaniwa kuwa chepesi kusomeka. Askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma, wengi wao katika Divisheni ya 11 iliyopita bonde la Kabaw wakati wa mvua za mwaka 1944, walistahili Nyota ya Burma. Nyota hiyo ni ya shaba ya manjano, ina pembe sita, taji na herufi za jina la mfalme, pamoja na jina la nchi iliyopiganiwa. Jina la aliyeivaa halimo. Nishani za Uingereza za vita ya kwanza zilichorwa ukingoni namba na jina la mwenyewe, lakini baada ya vita ya pili serikali ya London iliamua kuwa nyota na nishani zitolewe bila majina. Kwa hiyo nyota ya askari wa Biharamulo haina tofauti hata chembe na ile ya askari wa Leeds. Kinachoifanya kuwa ya babu fulani ni kinywa cha jamaa zake tu.

Hapa ndipo msomaji mwangalifu apaswa kusimama. Mjukuu aweza kusema, huku ameshika nyota hiyo, kuwa babu yake alipigana na Wajerumani. Nyota itamkanusha kwa upole, kwa kuwa adui katika Burma alikuwa Mjapani. Kwa upande wa pili, nyota nayo haijui yote. Ilitolewa kwa mtu aliyetumika katika nchi ile, na haisemi kama alishika bunduki, aliendesha lori, alipika chakula au alifunga majeraha. Hayo atayasema mwenyewe au waliomsikia. Kitu husahihisha neno, na neno husahihisha kitu. Anayeamini kimoja na kukiacha cha pili amesoma ukurasa mmoja wa kitabu chenye kurasa mbili.

Sasa tutazame kitu cha zama za nyuma zaidi. Mwaka 1916, wakati njia ya bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza, Wajerumani walipiga sarafu katika karakana ya reli ya Tabora: heleri 5 na heleri 20 za shaba, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye sura ya tembo. Kadhalika walichapa noti hapa hapa nchini kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Watu walilipwa noti hizo kwa nafaka yao, kwa ng'ombe zao na kwa kazi ya migongo yao. Utawala ulioziahidi ulipoanguka, ahadi ilianguka pamoja nao. Noti iliyokunjwa na kufichwa tangu siku zile twaweza kuiita ukumbusho, lakini aliyeikunja alikuwa na nia nyingine. Haelekei kuwa alitaka kuikumbuka vita. Yaelekea alitaka kulipwa.

Hili ndilo neno ninalotaka kulisimamia. Mengi ya yale tunayoyaita kumbukumbu za vita hayakuhifadhiwa kwanza kama mapambo. Yalihifadhiwa kama hati za madai. Cheti, noti, kipande cha sare, vyote vilikuwa njia ya mtu mdogo kumwambia mtu mkubwa: nilitumika, nawe unajua. Dai lilipokosa wa kulisikia, mwenye dai alizeeka, na watoto walirithi kitu bila kurithi swali. Ndipo dai likageuka ukumbusho.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umo katika kisa kinachosimuliwa sana katika historia za vita ya kwanza, na mahali pake ni Mwanza, ng'ambo tu ya ghuba kutoka upande wa Biharamulo. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kuwalipa askari wazee wa Lettow-Vorbeck mshahara uliobaki tangu 1918. Inasimuliwa kuwa wazee kama 350 walikusanyika. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa na jemadari wao. Wengine walileta vipande vya sare za zamani. Kwa wasiokuwa na kitu, mwenye kulipa alimpa kila mzee fagio akamwamrisha kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki kimependwa, na si ajabu. Kinaonyesha kuwa vyeti na matambara yalihifadhiwa kwa miaka 46 kwa kusubiri siku ya malipo. Kinaonyesha pia kuwa mwili wenyewe waweza kuwa sanduku la kuhifadhia: mkono ulikumbuka amri ambayo karatasi haikuweza kuithibitisha. Lakini mhakiki hana budi kukiuliza kisa kizuri maswali magumu kuliko kisa kibaya. Kwa nini hakuna aliyeshindwa? Wazee wa miaka 70, baada ya nusu karne, hawakukosea hata hatua? Ukamilifu huu unanukia mkono wa msimulizi. Tena tuangalie nani anayesifiwa. Mwisho wa kisa, sifa inakwenda kwa nidhamu ya Kijerumani iliyodumu katika mifupa ya Waafrika, na deni lililokawia miaka 46 linasahaulika katika kicheko cha fagio. Kisa kimelipokea dai na kuligeuza pambo, sawasawa na tufanyavyo sisi tunapotundika nishani ukutani bila kuuliza.

Na kuna kosa kubwa zaidi. Jaribio la fagio lingemtambua askari. Mpagazi lisingemtambua kamwe. Katika vita ile Waingereza peke yao walichukua wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, na hesabu rasmi zilikiri vifo vya zaidi ya 95,000. Wabelgiji nao hawakufika Tabora kwa miguu yao wenyewe tu. Mizigo yao ilikwenda juu ya vichwa vya watu. Mpagazi hakupewa bunduki ya kukariri amri zake, na sare ya kukatwa vipande hakuwa nayo. Katika sanduku la urithi wake hamna kitu, na utupu huo nao ni andiko. Sanamu zetu zinakiri jambo hili bila kukusudia: sanamu ya Dar es Salaam ya mwaka 1927 inamwonyesha askari peke yake na bunduki yake, hali ile ya Nairobi ya mwaka 1928 imempa mpagazi mahali kando ya askari. Katika Dar es Salaam mpagazi amebaki katika jina la mtaa wa Kariakoo, lililotokana na jeshi la wachukuzi, na wengi wanaolitamka kila siku hawajui kuwa wanamtaja.

Tukigeukia fasihi, twaona upungufu unaofanana. Shaaban Robert alitunga *Utenzi wa Vita vya Uhuru* juu ya vita ya 1939 hata 1945, ukachapwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Ni kazi kubwa, na uzuri wake ni upana wake: mataifa yanapambana, majemedari wanapanda na kuanguka, haki na dhuluma zinapimana. Henry Muhanika naye, katika utenzi wake wa vita vya Kagera na anguko la Idi Amin Dada uliotoka mwaka 1981, aliiweka katika mapokeo hayohayo vita iliyopiganwa katika mkoa huu. Sizilaumu kazi hizi kwa kutofanya ambalo hazikuahidi. Utenzi hupanda mlimani ili uone vita nzima. Lakini kutoka juu ya mlima sahani ya bati haionekani. Nyumba ina sahani bila vita nzima, na utenzi una vita nzima bila sahani. Mwanafunzi wa fasihi anayesoma tenzi hizi Ngara ana bahati ya kuweza kuvisoma vyote viwili, akatafuta mahali vinapokubaliana na mahali vinapogombana.

Wako watakaosema: vitu hivi ni vya wakoloni, kwa nini tuvitukuze? Hoja hiyo ina uzito ikiwa kuhifadhi ni kutukuza. Lakini mwenye kutunza hati ya deni hamtukuzi mdeni wake. Anayeitupa nyota ya babu kwa sababu ina taji la mfalme amemsamehe mfalme deni bila kuulizwa. Anayeiuza kwa mchuuzi amefanya jambo hilohilo kwa bei ndogo.

Basi wajibu wa jamaa ni upi? Kwanza, neno liandikwe lingali hai: nani alikuwa na kitu hiki, alikipata wapi, nani alisimulia, na lipi halijulikani. Karatasi ya habari hiyo ikae pamoja na kitu chenyewe, na nakala ikae kwingine. Pili, kitu kisiharibiwe kwa mapenzi: kusugua nishani kwa majivu au mchanga hula maandishi yake, jua hufifisha utepe, na unyevu uliofungiwa katika mfuko wa plastiki huozesha karatasi. Kitambaa safi cha pamba na mahali pakavu vyatosha. Tatu, bunduki, risasi nzima na bomu si urithi wa sandukuni. Hivyo visiguswe, taarifa ipelekwe polisi. Nne, hata ukoo wa mpagazi uandike, ingawa hauna cha kuweka juu ya meza. Kwake habari ndiyo kitu chote.

Wazee wa vita ya pili karibu wote wamekwisha kwenda. Waliopigana mwaka 1979 wangali nasi, lakini nywele zao ni nyeupe, na mengi waliyorudi nayo hayajapata maneno yake. Siku moja mjukuu atafungua kitambaa na kukuta kitu kinachong'aa. Akikuta pamoja nacho kurasa mbili za maandishi, atajua babu alidai nini, kwa nani, na kama alilipwa. Akikuta kitambaa na chuma tu, atakuwa amerithi kilio cha mtu asiyejua alilia nini.