Mali na Mabega ya Wachukuzi

Katika ushairi wetu wa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, suala la mali lilipewa jibu mapema mno. Mathias Mnyampala alipoieneza ngonjera alitupatia chombo chema cha kufundishia: wawili hubishana, asiyejua huelimishwa, na mwishowe hukubaliana. Lakini wengi waliomfuata walikitumia chombo hicho kivivu. Mwenye mali aliingia jukwaani akiwa amekwisha shindwa. Alijigamba kwa beti tatu, akaaibishwa kwa nne, akatubu. Mwanafunzi alitoka hapo akidhani kuwa uadilifu ni hesabu tu: mwenye vichache ni mwema, mwenye vingi ni mnyonyaji. Azimio lenyewe halikusema hivyo. Liliwakataza viongozi wasiwe na mishahara miwili, hisa katika makampuni, wala nyumba za kupangisha. Halikumkataza mtu kabati wala baiskeli.

Sisi tuijuao pwani ya Ziwa Tanganyika tuna sababu ya kuitilia shaka hesabu hiyo. Ujiji palikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, na katika njia hiyo kila kitu kilikuwa na uzito uliojulikana. Mpagazi alichukua yapata frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Livingstone alipofika Ujiji mwezi wa Oktoba 1871, alikuta vitu alivyoletewa kutoka Unguja vimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa, kwa madai kwamba mwenyewe amekufa. Akabaki na vichache kabisa. Je, tumsifu kwa kukinai? Yeye mwenyewe aliiona hali ile kuwa ni ufukara. Kisha akatokea Stanley, ambaye shehena yake ya vitambaa, shanga, nyaya za shaba na hata mashua ilikuwa imehitaji wapagazi zaidi ya 150. Tusiharakishe kumwita mlafi: vitambaa na shanga ndivyo vilivyokuwa fedha ya njiani, na asiyekuwa navyo hakula wala hakupita. Swali letu ni jingine, nalo ngonjera zile hazikuliuliza. Mali ile ya mtu mmoja ilikuwa mabegani mwa nani, na hao walikuwa na nafasi gani ya kukataa? Majina yao mengi hatunayo.

Hebu tulinganishe na safari nyingine. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake pamoja na daftari zake mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hapakuwa na bwana wa kuwaamrisha. Walishauriana wenyewe, wakaamua, wakajitwika. Mshairi anayetufundisha kwamba vitu ni mzigo tu, na atueleze daftari zile zilikuwa nini.

Wavuvi wa dagaa wa Kigoma nao hawakupata haki yao katika tungo hizo. Mvuvi huingia ziwani usiku wa giza akiwa na mtumbwi, nyavu, na taa za kuwavuta dagaa; mbalamwezi ikikomaa, kazi husimama. Mpunguzie taa mbili, naye hazidi wema hata kidogo. Amepungukiwa samaki, na vijana wake wamepungukiwa mgawo. Vyombo vile huvitunza, huvishona, huviringia. Fahari yake hiyo tungependa kuisikia ikitetewa kwa beti zenye nguvu, wala si na mjinga aliyewekwa pale ili ashindwe. Mpinzani naye aache kuhesabu taa. Amwulize zilinunuliwa kwa deni lililomwelemea nani, na dagaa wakiisha anikwa na kuuzwa, wale waliozivuta nyavu usiku kucha wanaondoka na nini.