Picha Mbili za Mapumziko

Neno picha katika lugha yetu hubeba mizigo miwili. Picha ni ile iliyochorwa kwa rangi na kutundikwa ukutani, na picha ni ile tunayokwenda kuitazama usiku katika nyumba ya sinema. Wazee wetu hawakuona haja ya kuzitenga kwa majina, na mimi, ambaye kwa kazi yangu napaswa kupenda maneno yenye mipaka, nilikuwa nikiona uzembe katika jambo hili. Kiangazi kimoja, si zamani sana, nilipata siku tatu mfululizo za kutazama picha za namna zote mbili mjini London pamoja na marafiki, na tangu hapo sioni tena uzembe huo.

Nilikuwa nimekwenda kusoma miswada ya tenzi katika maktaba ya chuo cha SOAS, ambamo hazina kubwa ya maandishi yetu ya kale imehifadhiwa. Wiki nzima nilikuwa na Inkishafi mbele yangu. Ijumaa jioni wenyeji wangu walikuja kunitoa humo. Mmoja ni bwana kutoka Pemba, afundishaye historia katika shule ya sekondari, ambaye humwita kila mtu Mwalimu ingawa mwalimu ni yeye. Wa pili ni mkewe. Na wa tatu ni jirani yao, dada wa Tanga, ambaye kazi yake ni kuwahudumia wazee wasiojiweza, na zamu yake ni ya usiku. Picha ya Ijumaa nitaipita. Ilikuwa na magari mengi na risasi nyingi, na waliokuja kuitazama waliipenda.

Jumamosi asubuhi tulikwenda National Gallery, ambako mlangoni hakuna kiingilio, nikasimama mbele ya kazi ya Mfaransa Georges Seurat iitwayo Waogaji wa Asnières. Ni turubai kubwa, kadiri ya mita mbili kwa tatu. Aliimaliza mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 24, na mwaka huohuo waamuzi wa maonyesho makuu ya Paris waliikataa. Ndani yake wanaume na wavulana wamekaa kando ya mto Seine siku ya joto kali. Mmoja amelala ubavu na mbwa wake. Mwingine amekaa ukingoni, miguu majini, na nyuma yake nguo zake na viatu vizito vya kazi. Mbali kabisa moshi wa viwanda unapanda. Mvulana mwenye kofia nyekundu amesimama majini, ameziba mikono kinywani kama apigaye baragumu, wala hakuna ageukaye kumsikiliza. Kwa kweli hakuna amtazamaye mwenzake. Upande wa kulia mashua ndogo yenye bendera inawavusha bwana na bibi, nao wamechorwa wadogo, kama jambo lisilotuhusu.

"Mwalimu," aliniuliza mwenyeji wangu, "hawa wanasubiri nini?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu, maana nilianza kumweleza habari za rangi. Jibu lililofaa ni kwamba hawasubiri kitu. Katika desturi ya wachoraji wa Ulaya kwa karne nyingi, ukubwa wa namna ile ulikuwa haki ya wafalme, vita na mitume. Seurat aliuchukua akawapa watu wa viwandani waliovua mashati, na hakuwatia katika tendo lolote ambalo lingewafanya wastahili. Hawagomi, hawaombi, hawateseki. Naamini waamuzi waliudhika kwa hili kuliko kwa jambo jingine lolote.

Kutoka hapo tulitembea kwa miguu hadi Courtauld Gallery, ambako mlango si wa bure. Huko imo baa ya Folies-Bergère aliyoichora Manet mwaka 1882: binti amesimama nyuma ya chupa, nyuma yake kioo kimejaa watu waliokuja kustarehe, na katika pembe ya juu inaonekana miguu tu ya mchezaji wa pembea. Starehe yote ya ukumbi imo machoni pake, na yeye hana hata chembe. Jambo moja dogo linafaa kukumbukwa. Samuel Courtauld alikuwa mwenye viwanda vya nguo. Mwaka 1923 alitoa paundi 50,000 ili taifa lake linunue picha za Wafaransa wa wakati wake na wa kabla kidogo, na kwa fedha hizo Waogaji walinunuliwa mwaka 1924. Faida ya viwanda ikanunua mapumziko ya watu wa viwanda. Simlaumu, bila yeye nisingaliwaona.

Jumapili alasiri tukaenda kutazama picha ya Kijerumani ambayo kwa Kiswahili tungeiita Watu Siku ya Jumapili. Ilipigwa kiangazi cha mwaka 1929 mjini Berlin, ikaonyeshwa mara ya kwanza Februari 1930. Haina sauti, na katika ukumbi wetu palikuwa na mpiga piano. Waliohusika kuitengeneza walikuwa vijana wasio na jina wala fedha: Robert Siodmak na Edgar Ulmer, na Billy Wilder aliyeandika mpangilio wake. Hawakutumia waigizaji. Walichukua dereva wa teksi, muuzaji wa santuri, mfanyabiashara wa mvinyo, binti aliyezoea kusimama katika makundi ya watu kwenye sinema, na mwanamitindo, kila mmoja akaigiza maisha yaliyofanana na yake. Kwa kuwa siku za kazi walikuwa kazini, picha ilipigwa hasa siku zao za mapumziko. Yaani ili tupate Jumapili yao, walitoa Jumapili zao.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Jumamosi jioni dereva na mpenzi wake Annie wamekusudia kwenda sinema, lakini wanagombana juu ya ukingo wa kofia, uinuliwe au ushushwe, na katika hasira wanazichana picha za nyota wa sinema walizozibandika ukutani. Safari inakufa. Asubuhi dereva anashindwa kumwamsha Annie, anamwacha amelala, anakwenda ziwani na rafiki yake na wasichana wawili. Wanaogelea, wanakula, wanasikiliza santuri. Yule rafiki anamtongoza mmoja, anakataliwa, anamgeukia wa pili. Jioni wote wanarudi mjini, na kesho ni kazi.

Kuna mahali ambapo mpiga picha wa ufukweni anawapiga watu, na kila uso unasimama ghafula, mmoja baada ya mwingine: mzee, mtoto, mwanamke anayecheka. Hapo sinema inakuwa picha ya ukutani, na neno letu lenye mizigo miwili linapata haki yake. Sikupendezwa na kila kitu. Picha inamchekea yule mtongozaji kuliko anavyostahili, na pale mwituni, baada ya kumpata msichana, jicho la kamera linapanda mitini kisha linashuka juu ya takataka, kana kwamba watengenezaji walikumbuka ghafula kwamba wanapaswa kutuambia neno. Ni dosari ndogo katika kazi ambayo kwingine kote inajizuia.

Katikati ya hayo nilisikia pumzi nzito ubavuni kwangu. Dada wa Tanga alikuwa amelala. Alikuwa ametoka kazini saa mbili asubuhi ya siku ile. Aliamka karibu na mwisho, wakati dereva anaporudi nyumbani na kumkuta Annie bado yumo kitandani.

Usiku, mbele ya pilau, mwenyeji wangu alitoa hukumu yake. "Picha ile ni onyo, Mwalimu. Miaka mitatu baadaye Hitler ameshika serikali. Watu wanaogelea, hawajui. Taifa zima limelala kama yule mwanamke." Hoja yake ina nguvu za kweli. Siodmak, Ulmer na Wilder walikuwa Wayahudi, na wote waliishia uhamishoni. Mama yake Wilder aliuawa na Wanazi. Na kando ya ziwa lilelile, Wannsee, ndipo mwezi wa Januari 1942 wakuu wa serikali ile walipokutana kupanga kuwaangamiza Wayahudi wa Ulaya. Nakiri kwamba zile nyuso zilizosimama sikuweza kuzitazama bila ya kujiuliza kila mmoja aliishia wapi, au alitenda nini.

Lakini kuona hivyo si sawa na kusema picha ilikusudia onyo. Mwaka 1929 haikujua. Tukiigeuza kuwa onyo, tunawahukumu watu kwa kosa la kuogelea, na tunapoteza kitu kimoja ambacho inacho na ambacho vitabu vya historia havina: namna siku isiyo na kazi ilivyokuwa ikipita kwa watu wasio na habari ya kesho.

Dada alikuwa kimya. Kisha akasema: "Kaka zangu, mnamcheka yule aliyelala kwamba ameikosa Jumapili. Mnajua alikuwa amechoka kiasi gani? Jumapili yake ndiyo ile."

Katika daftari langu la ukumbini nilikuwa nimeandika, mbele ya jina la Annie, neno moja: mvivu. Nimesoma baadaye baadhi ya maelezo ya wahakiki, nao wengi humtaja kama kichekesho. Ilibidi mtu aliyekesha na wagonjwa atuoneshe kwamba ndani ya picha ile mmekuwa na mapumziko ya aina mbili, na kwamba sisi tulio na siku mbili kila wiki tuliiona moja tu.

Nilirudi kwenye Inkishafi Jumatatu kwa macho mengine. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga utenzi huo kuionya nafsi yake, na magofu ya Pate ndiyo ushahidi wake. Hata hivyo, ni wapi katika fasihi yetu ya kale palipoelezwa kwa utamu zaidi nyumba zenye taa, karamu, na watu waliokaa kwa raha? Ni humohumo, katika beti zinazotuambia kwamba yote yalikwisha. Mshairi hakupata ruhusa ya kuisifu starehe ila kwa kuizika, na ametumia ruhusa hiyo kikamilifu. Muyaka wa Mombasa, aliyeishi karibu na zama zake, alijipa ruhusa nyingine, akaimba mapenzi na mambo ya kila siku bila ya kuomba radhi. Lakini katika riwaya zetu nyingi aliyeshinda ni mrithi wa Inkishafi. Mtu akiingia dansini katika sura ya tatu, msomaji anajua atakavyokufa katika sura ya kumi.

Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya sinema katika miji ya Tanzania, ameeleza jinsi familia nzima za Unguja na Dar es Salaam zilivyokuwa zikijipamba kwenda kutazama picha za Kihindi siku ya Jumapili, na jinsi mji ulivyozizungumza wiki nzima. Ilibidi tulisome katika kitabu cha historia, tena cha Kiingereza. Waandishi wetu waliokuwa wamekaa katika viti vilevile waliona labda kwamba jambo hilo halina funzo.

Na neno hilo tumelilinda sisi walimu. Mwaka baada ya mwaka nimewaagiza wanafunzi waeleze funzo la kila hadithi, nao wamelitoa hata pale lisipokuwapo, kwa utii unaotia huruma. Mtihani wa mwaka ule nilikuwa nimekwisha kuukabidhi kabla ya safari, na swali lake la kwanza lilikuwa lilelile.