Joto la Segerea liko juu, sisi tunaziba ukuta

Umeshaziona zile video: chumba kidogo, bandika bodi za povu kuta zote, kazi imeisha. Kwa Njombe mwezi wa Julai, ambako unataka joto lisitoke, sibishi sana. Ila kuzileta Segerea hivyo hivyo ni kumfunga bendeji ya mguu mtu anayeumwa jino.

Piga hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 3 ukikibandika povu la sentimita 5 kuta zote nne, umepoteza zaidi ya nusu mita ya mraba. Ndoo na jiko vilikuwa vinakaa hapo! Halafu povu hilo likishika moto moshi wake ni sumu, na chumba chenyewe kina mlango mmoja.

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena Oktoba, jua la mchana linasimama utosini. Linalochomwa ni bati, nalo linamwaga mionzi ya joto mpaka kitandani kwako. Feni inakuzungushia hewa ile ile.

Kwa hiyo ziba juu, sakafu yako ibaki. Weka dari, na chini ya papi pigilia karatasi ya foili. Hata hapa mafundi wa video wanakosea: wanaibana kwenye bati. Foili inazuia mionzi ikiwa na nafasi ya hewa. Ikigusa bati inapitisha joto tu. Uso unaong'aa uangalie chini, vumbi lisiukalie.

Mwenye nyumba akigoma, mwombe basi apake bati rangi nyeupe.