Albamu Isiyo na Fanani

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mgeni alikuwa akipewa albamu kabla ya chai. Alipekua kurasa mbili tatu peke yake, bila kuelewa kitu, mpaka mwenyeji alipoketi kando yake na kuanza: huyu shangazi kabla hajaolewa, hapa tulikuwa Tanga, huyu mtoto hatunaye tena. Wanafunzi wa fasihi simulizi tunalijua umbo hili. Kuna fanani, kuna hadhira, na kuna utendaji usiojirudia sawasawa mara mbili. Picha ni nusu tu ya matini. Nusu ya pili imo kinywani mwa mwenye nyumba.

Nazisoma kwa jicho hilo albamu ndogo za mkono ambazo vijana wengi wa rika langu wanatengeneza na kupeana siku za kuzaliwa na mahafali. Zinaenea kiganjani. Kurasa ni kadi ngumu, mifuko ni bahasha za kaki zilizokunjwa, jalada limevikwa kipande cha kanga ambacho jina lake limekatwa katikati. Ndani mna tiketi ya basi, ua lililokaushwa, kikaratasi cha kuvuta chenye siri fupi. Ni kazi ya subira, na nyingine ni nzuri kwelikweli.

Kasoro naiona zinapopangwa. Husimamishwa rafuni zikiwa nusu wazi kama kipepeo, taa ndogo zikizizunguka, na hapo hukaa mwaka mzima. Mgeni husema "nzuri!" na mazungumzo yakahamia kwingine. Albamu imekuwa pambo: inatazamwa, haisomwi.

Wazee wetu walijua kwamba mahali pa kuweka albamu ni sehemu ya maana yake. Iliyo juu ya meza ya sebuleni ni ya yeyote apigaye hodi. Iliyo kwenye kabati la vioo huombwa kwanza. Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Pwani, picha za wanawake wakiwa wamejipamba kwenye sherehe yao ya harusi hukaa chumbani, na si kila mgeni huzifikia. Mahali huchagua hadhira. Rafu iliyo wazi haichagui mtu, ilhali kile kikaratasi cha siri kiliandikwa kwa ajili ya mmoja tu.

Picha isiyo na msimuliaji hupoteza kingine pia. Zanzibar kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na kuta zake zimejaa picha za zamani. Uso wa mtu utakusimamisha pale, lakini uso hautaji jina. Kwetu, tangu bibi afariki, kuna mwanamke mwenye gauni jeupe aliyesimama bega kwa bega na babu, na hakuna aliyebaki wa kutuambia ni nani. Picha yenyewe haina hata doa.

Mtu atasema kwamba sanduku ni kaburi, heri rafu. Ni kweli, sanduku lisilofunguliwa huua pia. Lakini rafu nayo huua polepole: jua hufifisha rangi, vumbi huingia, na kialbamu kilichosimamishwa wazi hulegea mshono. Unyevu wa Pwani hugandisha picha zilizolaliana. Bahasha za kaki zenyewe mara nyingi zina asidi inayoweza kuzigeuza picha kuwa za manjano baada ya miaka, na plastiki ya PVC haifai kabisa kukaa nazo.

Kwa hiyo vilaze vialbamu ndani ya boksi kavu, mbali na dirisha na ukuta unaopata mvua. Toa kimoja, kiweke mezani wiki hii. Wiki ijayo kibadilishe. Nyuma ya kila picha andika majina kwa penseli laini, na pia uhusiano: "mtoto wa mama mdogo" itamsaidia mjukuu kuliko "bestie".

Tena acha ukurasa wa mwisho mtupu. Siku moja atakuja mgeni mzee akakunja macho, akasema huyo wa kushoto anamfahamu, na itabidi pawe na mahali pa kuliandika jina hilo kabla hajaondoka.