Ukumbusho wa Lubumbashi: Picha za Tshibumba na Kiswahili Tusichokifundisha

Tukitaja sanaa ya jamii katika madarasa yetu ya fasihi, aghalabu tunakimbilia ngoma, ngano, vitendawili na nyimbo za harusini. Hizo zina nafasi yake na hatuzibezi. Lakini ipo sanaa nyingine iliyozaliwa mjini, mikononi mwa watu ambao hawakupitia chuo cha uchoraji, ikajadiliwa kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, nasi walimu wa Kiswahili tumewaachia wanaanthropolojia. Nazungumzia picha za sebuleni za Lubumbashi, katika Kongo, na hususan kazi za mchoraji Tshibumba Kanda Matulu.

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947, wakati mji huo ukiitwa Elisabethville. Alichora juu ya vitambaa vya mifuko ya unga vilivyopakwa rangi ya chini na kukazwa kwenye fremu. Wanunuzi wa picha za namna hiyo, katika miaka ya 1960 na 1970, walikuwa watu wa mji wenye mshahara: wafanyakazi wa migodi na wa reli, makarani, walimu. Walizitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akikaribishwa kiti lazima azione. Baadhi zilikuwa za Mamba Muntu, yule nguva anayempa mtu utajiri kwa masharti. Nyingine zilikuwa za Colonie belge, yaani enzi ya Wabelgiji, na hizi ndizo zinazonishughulisha hapa.

Colonie belge ina umbo lake linalojulikana, kama vile utenzi ulivyo na vina vyake. Ni ua wa gereza. Mfungwa amelazwa kifudifudi, askari Mwafrika anampiga kiboko, Mzungu amesimama kando akitazama, na bendera ya Ubelgiji inapepea. Pembeni wapo wanawake, pengine na chakula walichowaletea wafungwa. Wachoraji wengi waliichora, kila mmoja kwa mkono wake, na watu waliendelea kuinunua. Msomaji wa leo anaweza kuuliza: kwa nini mtu aliyepata uhuru mwaka 1960 atoe fedha zake ili atundike kiboko juu ya kochi lake?

Jibu limo katika neno walilolitumia wenyewe. Picha hizo ziliitwa ukumbusho. Tuliangalie neno hili kama walimu wa lugha. Kumbuka ni tendo la mtu peke yake. Kumbusha linahitaji wawili, anayekumbusha na anayekumbushwa. Katika matumizi yetu ya kawaida ukumbusho umeshuka hadhi, umekuwa zawadi ya mtalii au jiwe la msingi. Lubumbashi walilishika kwa uzito wa kitenzi chake. Ukumbusho ni kitu kinachokulazimisha kufikiri, halafu kinakulazimisha kusema. Na askari yule mwenye kiboko hakubaki mwaka 1959. Chini ya utawala wa Mobutu, mwenye nyumba na mgeni wake waliweza kuitazama picha ya Wabelgiji na kuzungumza habari za jana zilizofanana mno na za leo. Fabian, ambaye nitamtaja hivi punde, alilifahamu jambo hili, ndiyo maana kitabu chake alikiita kwa Kiingereza jina lenye maana ya kuikumbuka hali ya sasa.

Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu mjini humo, alikutana na Tshibumba mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mchoraji alimweleza kwamba anataka kuichora historia yote ya nchi yake. Kati ya 1973 na 1974 alichora takriban picha 100, na kila alipoleta fungu jipya walikaa wakazizungumzia kwa Kiswahili huku kinasa sauti kikizunguka. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, *Remembering the Present*, kilichapishwa mwaka 1996.

Hapa lazima tuseme ukweli: mfululizo huo hauko sawasawa. Pale Tshibumba anapochora wavumbuzi wa Kizungu na wafalme wa kale, mkono wake unafuata vitabu vya shule, na picha zinabaki kama vielelezo vya somo la historia. Pale anapofika kwenye mambo ambayo mji wenyewe uliyabeba, anakuwa mtu mwingine. Tazama mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière, Desemba 1941, wakati askari walipowafyatulia risasi wagomaji mjini humo. Tshibumba alikuwa hajazaliwa, lakini alikulia katika mji ambao wazee wake waliyaona mambo hayo. Au tazama Lumumba, aliyeuawa karibu na mji huo huo tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Mpolo na Okito. Tshibumba anamchora kwa mfano wa Yesu, na misalaba mitatu inaonekana kwa mbali. Mobutu alikuwa amemtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966, kwa hiyo kumlilia hakukuwa kosa. Kuuliza ni nani waliomtoa mikononi mwa wauaji wake lilikuwa jambo jingine. Picha inasimama hasa kwenye mpaka huo.

Wapo watakaosema kwamba mfululizo ulionunuliwa na profesa mgeni si sanaa ya jamii tena. Hoja hii ina nguvu, kwa sababu jirani wa Tshibumba asingenunua picha 100 wala asingekuwa na ukuta wa kuzitundika. Hata hivyo sikubaliani nayo moja kwa moja. Mnunuzi alibadilika, lakini msamiati wa picha ulibaki ule ule uliokwisha kukubaliwa na sebule za Lubumbashi. Lawama yangu iko kwingine: historia hii ni ya wanaume mno. Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu wa mwaka wa pili nakala ya Colonie belge, na swali la kwanza lilitoka kwa msichana wa kiti cha nyuma: huyu mama aliyeleta chakula anaitwa nani, na nyumbani amewaacha watoto na nani? Picha haikumjibu.

Sasa nirudi kwenye lugha. Maandishi yaliyomo ndani ya picha ni ya Kifaransa, lugha ya shule na ya serikali. Maelezo yalitolewa kwa Kiswahili. Anayeitazama picha bila maelezo ameipata nusu. Kitabu kikatupa nusu ya pili, lakini kwa tafsiri ya Kiingereza, na wengi wetu tuliishia hapo. Kumbe matini ya Kiswahili yamewekwa kwenye intaneti tangu mwisho wa miaka ya 1990, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu wa kawaida iliyoanzishwa na watafiti wa Amsterdam.

Ni Kiswahili cha ba- badala ya wa-, cha katoto na tutoto, chenye Kifaransa kilichochanganywa bila kuomba radhi. Mwanafunzi wangu akiandika hivyo katika insha ya Kiswahili sanifu namkata alama, na nitaendelea kumkata. Lakini wapo wanafunzi wetu, hasa wanaotoka upande wa Kongo, ambao lugha ya nyumbani kwao inafanana na hii. Wanaingia darasani wakiwa wamekwisha kuambiwa kwamba Kiswahili chao ni kibovu, hivyo wanakaa kimya mpaka wakijue kile kizuri. Wengine hawasemi neno muhula mzima. Mtu aliyeisimulia historia ya nchi nzima kwa Kiswahili hicho hicho, akapanga hoja, akatania, akaonya, ni ushahidi ambao hatuna haki ya kuwaficha. Na hakuwa peke yake. Mwaka 1965 André Yav alikwisha kuandika kwa Kiswahili cha mji huo waraka juu ya maisha ya watumishi wa nyumbani, na kikundi cha Mufwankolo kiliigiza kwa lugha hiyo kwa miaka mingi.

Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hajulikani alikoishia. Mkusanyo wa Fabian uko Amsterdam, katika jumba lililojulikana kwa muda mrefu kama Tropenmuseum, na ambalo tangu 2023 linaitwa Wereldmuseum. Ukumbusho umeingia makumbusho, na sebule zilizouzaa ziko mbali. Matini yake, hata hivyo, yanasomeka kutoka hapa tulipo. Nimeomba kikao cha idara kiingize mazungumzo ya picha moja, ile ya mgomo wa 1941, katika somo la Isimujamii au la Fasihi Simulizi, mahali popote patakapopatikana nafasi. Wenzangu watauliza mtihani wake utatungwaje. Mimi ningeanza na swali la yule msichana.