Kĩw'ũ mbele ya kompaila

Kiswahili kimetudekeza. Herufi zake zote zimo katika alama 128 za ASCII, hivyo programu yenye menyu za Kiswahili hupita kompaila yoyote bila mtu kujiuliza faili zake zilihifadhiwa kwa usimbaji gani. Ipeleke Ukambani, Kitui au Makueni, ongeza menyu ya Kikamba, na uzembe wote unaanikwa juani. Kikamba kina irabu saba, na mbili kati yake, ĩ na ũ, huvaa kiwimbi kichwani.

Chukua neno kĩw'ũ, yaani maji, ambalo programu ya visima na mabwawa ya mchanga haiwezi kulikwepa. Linaandikwa kwenye faili ya Java iliyohifadhiwa kwa UTF-8. Humo ĩ ni baiti mbili, C4 na A9. Nayo ũ ni C5 na A9. Sasa faili inahamia kwenye kompyuta ya Windows yenye Java 17. Kompaila isipoelekezwa hufuata desturi ya kompyuta iliyoikuta, mara nyingi Windows-1252, na kusoma baiti mojamoja: C4 inakuwa Ä, A9 inakuwa ©. Mkulima wa Mwingi anafungua programu na kukuta kÄ©w'Å©. Kompaila haikulalamika hata kidogo, maana kila baiti ilikuwa na maana kwake. Hapo ndipo ubaya ulipo.

Kuihifadhi faili kwa Windows-1252 hakusaidii: jedwali hilo lina ã, ñ na õ, lakini ĩ na ũ hazimo. (Zimo katika ISO 8859-4, lililopangiwa Ulaya ya kaskazini na Greenland. Mkamba hakufikiriwa.)

Dawa ni kuutangaza usimbaji ndani ya mradi wenyewe: -encoding UTF-8 kwa javac, au project.build.sourceEncoding katika pom.xml kwa wanaotumia Maven. Java 18, iliyotoka Machi 2022, iliifanya UTF-8 kuwa chaguo-msingi, ila Java 8 na 11 zingali kazini, kwa hiyo tangaza tu. Faili za tafsiri za .properties nazo zilisomwa kwa ISO 8859-1 hadi Java 9 ilipobadili mambo; kabla ya hapo ilibidi ĩ iandikwe \u0129.

Linabaki tatizo gumu zaidi kuliona. Herufi ĩ yaweza kuwa alama moja, au i ikifuatwa na kiwimbi cha pekee, U+0303. Jicho halitofautishi, lakini anayetafuta Kĩtui kwenye hifadhidata hapati kitu. Maandishi yote yageuzwe kwanza yawe ya umbo la NFC, linalounganisha herufi na kiwimbi chake kuwa alama moja. Ile ' ya kĩw'ũ, ambayo Word huipinda ikawa ’, isawazishwe kivyake, maana NFC haiigusi.

Mimi ningeweka jaribio moja katika ujenzi: "kĩw'ũ" lazima ilingane na "k\u0129w'\u0169". Upande wa pili ni ASCII tupu, usimbaji haukuti cha kuharibu. Zisipolingana, ujenzi usimame hapo hapo.